Kwa Nini Masalu Aliendesha Polepole

Mwezi uliopita nilikuwa Mkolani, nimeketi juu ya tairi bovu kwenye kigereji cha vijana, nikisubiri lori la kunipeleka kusini. Vijana walikuwa wamelala chini ya gari dogo la zamani, wakikata springi kwa msumeno ili gari likae chini, lipendeze macho. Nilivumilia. Mtu aliyeacha ufundi lazima ajifunze kufunga mdomo kwenye gereji za watu. Lakini gari lilipotolewa kwenda kujaribiwa barabarani, mmoja wao akampigia mwenzake kelele: "Kanyaga mafuta, wewe! Usiwe Masalu!"

Wote wakacheka. Mimi nikasimama.

"Masalu ndiye nani?" nikauliza.

"Shikamoo, mzee," akasema yule kijana, akijifuta grisi kwenye suruali. Hakuwa amenisalimu tangu nifike, na sasa aliona kuna hatari.

"Marahaba. Masalu ndiye nani?"

"Ni msemo tu, mzee. Mtu mwoga. Anayetambaa na gari kama anasindikiza maiti."

"Ulimwona wapi?"

"Nani?"

"Masalu!"

"Aa, mzee, hakuna mtu kama huyo. Ni maneno tu ya watu wa Mwanza."

Hakuna mtu kama huyo! Nilifanya naye kazi tangu wakati wa Waingereza mpaka baada ya bendera kubadilishwa. Nimekula naye sahani moja, nimelala naye chini ya gari moja, mafuta ya injini yakitudondokea sote wawili masikioni. Leo nasikia jina lake limekuwa tusi la kuwachekea madereva wanaoogopa, linatoka kwenye vinywa vya watoto wanaokata springi kwa msumeno. Lori langu likaja, nikaliacha lipite. Nikarudi mjini kutafuta karatasi.

Sina umri wa kuitwa mzee. Nina miaka arobaini na kidogo. Niliacha ufundi kwa sababu jeki iliteleza ikanivunja kifundo cha mkono, na mkono usioweza kukaza nati hauna kazi gereji. Tangu hapo nimekaa Tabora, Kigoma, Musoma na Bukoba, na kila mahali nimekaa mpaka nikaanza kuiota Mwanza na mawe yake. Nikirudi, napata sababu ya kukasirika, naondoka tena. Safari hii sitaondoka kabla sijasema. Ninyi mnaoshika spana leo, haya ni yenu.

Gereji yetu ilikuwa ya Mzee Sefu, nyuma ya maghala ya pamba, karibu na bandari kiasi kwamba meli ya Kisumu ikipiga honi vikombe vyetu vya chai vilitikisika. Baba yake Mzee Sefu alikuwa Mwarabu, mama yake Mmanyema, na yeye mwenyewe alipatana bei kwa Kisukuma kizuri kuliko wengi wetu. Fundi mkuu alikuwa Masalu. Mimi nilitoka Ukerewe na vidarasa vyangu vya sekondari, kwa hiyo Masalu aliniita Mwalimu, na hakuwa ananisifu.

Msifikiri alikuwa mtu mnyenyekevu. Masalu alikuwa na majivuno ya kutosha mitaa mitatu. Alivaa kofia ya manyoya hata akiwa chini ya gari, na mtu akiigusa anafukuzwa gereji. "Mimi nikishika nati," alisema, "hata kutu inaomba ruhusa kuondoka." Kuna siku mteja mmoja alimwambia amefunga usukani vibaya. Masalu akamkalisha mteja kwenye kiti cha abiria, akaendesha mpaka Butimba na kurudi akiwa ameshika usukani kwa kidole kimoja, huku akimsimulia habari za ng'ombe wa baba yake. Mteja alishuka akitetemeka. Hakulalamika tena, wala hakurudi tena. Mzee Sefu alikasirika wiki nzima.

Sasa niwaambie habari ya ngozi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Vinu vya kuchambua pamba vya siku zile vilikuwa na rola zilizovikwa ngozi nene. Ngozi ile ndiyo iliyovuta nyuzi za pamba ikaziacha mbegu nyuma. Ikichakaa, ilitupwa. Na mafundi wa pwani hii ya ziwa hatukuweza kuona kitu kinatupwa tukakaa kimya. Tuliikata vipande, tukaipigilia ribiti kwenye viatu vya breki badala ya lainingi, yaani ule ukanda mgumu unaosugua ngoma ya gurudumu na kulisimamisha. Lainingi halisi ilitoka Nairobi, ikapanda treni mpaka Kisumu, ikapanda meli mpaka kwetu, na mara nyingi ilifika mvua zikiwa zimeshaoza barabara. Ngozi ilikuwa pale pale mlangoni. Tuliziita breki za kinu. Kila gereji ilizifunga, na sioni aibu kusema hivyo. Lori la marobota ya pamba linalokwenda mwendo wa baiskeli lilisimama nazo vizuri, tena bila kelele.

Lakini ngozi ina tabia. Ikipata joto kidogo, inashika vizuri kuliko lainingi. Ikipata joto jingi, uso wake unang'aa na kuwa mgumu kama sahani ya kauri. Unakanyaga pedali, pedali inakataa kama jiwe, na gari linaendelea na safari zake. Halafu, na hili ndilo baya kuliko yote, ikipoa inarudiwa na akili. Inashika tena kana kwamba haijawahi kufanya kosa. Fundi anayekuja baadaye anakanyaga, gari linasimama, anakuona wewe mwongo.

Madereva wa malori hawakuijua tabia hiyo kwa sababu hawakuwahi kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, bila kupumzika. Waliofanya mchezo huo walikuwa watu wa klabu ya magari.

Klabu ile ilikusanyika uwanja wa ndege siku ambazo hakuna ndege. Wazungu, na baadaye matajiri wachache wa mjini, walishindana kwenda mbio kwenye uwanja, kugeuka mwishoni pale penye mawe makubwa, na kurudi. Magari yao tuliyatengeneza sisi. Masalu aliyafunga, akayajaribu, akayajua kuliko wenyewe. Lakini siku ya mashindano kulikuwa na kamba, na sisi tulisimama nyuma ya kamba pamoja na wauza karanga. Mwenye gari akikosea kona, alitupa macho ya hasira, kana kwamba tumemgeuzia usukani tukiwa kule kwenye karanga. Akishinda, alisahau tulikuwa tumesimama wapi.

"Siku moja," Masalu alisema, "nitaipita ile kona wao wakiwa upande huu wa kamba."

Hakuwa anatania. Nilimwona akiitazama kona ile jinsi wengine wanavyotazama nyumba wanayotaka kuijenga.

Uhuru ukaja. Wazungu wengi wakaanza kufunga mizigo, na bwana mmoja aliyekuwa mkaguzi wa pamba akaacha gari lake la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, la miaka ya kabla ya vita. Nasoro, mtoto wa Mzee Sefu, akalichukua. Nasoro alikuwa kijana mzuri wa sura na mwepesi wa ahadi. Alipenda gari lile liendeshwe, lakini yeye mwenyewe, kila akigeuka kona kwa kasi, alifumba macho. Simsingizii, nilikuwa naye ndani.

Klabu ikatangaza kwamba kamba imeondolewa. Mashindano ya kwanza baada ya Uhuru yangekuwa wazi kwa kila dereva, na mgeni rasmi angetoka serikalini.

"Kaka Masalu," Nasoro akasema mbele yetu wote, "litengeneze hili, na siku hiyo utaliendesha wewe. Si mimi, si mtu mwingine. Wewe."

Masalu akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza naona kichwa chake, alikuwa na kipara katikati.

Gari lile lilikuwa na injini nzuri na miguu mibovu. Na hapa nataka mnisikilize ninyi wa misumeno. Mnapenda injini kwa sababu inapiga kelele na wasichana wanageuka. Breki haipigi kelele, springi haisifiwi na mtu, kwa hiyo mnaziacha mpaka mwisho, mkibakiwa na chochote. Masalu hakufungua injini ile hata kidogo mwezi wa kwanza. Alianza chini.

Springi zake zilikuwa za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tulivitoa vyote, tukasugua kutu, tukapaka grisi kati ya kimoja na kingine, tukavizungushia turubai kuzuia mchanga. Hapo tukafanya ujinga wetu. Tuliona gari linalala sana kwenye kona, tukaongeza chuma kimoja cha pikapu kila upande ili liwe gumu. Tukalitoa barabara ya Nyegezi. Ee bwana! Lile gari liliruka kila shimo kama lina ugomvi na ardhi. Kofia ya Masalu ilipaa ikaangukia shamba la mihogo, na mwenye shamba akakataa kuirudisha mpaka tumwombe radhi kwa vumbi tulilomtilia.

"Mwalimu," Masalu akaniambia tukiwa njiani kurudi, "tumetengeneza mbuzi."

Tuliviondoa vyuma vile siku hiyo hiyo. Tairi likiwa hewani haligeuki wala halisimami. Gari la kukimbia halitaki ugumu tu, linataka gurudumu lishike ardhi muda wote. Badala ya kuongeza chuma tulikaza shokamzoba. Zilikuwa za aina ya zamani, visahani vinavyosuguana, na Masalu alizikaza kidogo kidogo, kulia sawa na kushoto, akilikandamiza gari kwa kiuno kila pembe na kulitazama linavyorudi. Likirudi mara moja na kutulia, ameridhika. Likiyumba, anakaza.

Magurudumu tuliyanyoosha kwa uzi. Mkivuta uzi wa fundi mwashi toka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, pande zote mbili, mtaona mara moja kama gurudumu la mbele linatazama njia au linatazama duka la jirani. Leo kuna mashine za kazi hiyo, najua. Lakini nimeona gari limetoka kwenye mashine likila matairi kama muwa, kwa sababu aliyeisoma hakuangalia kwanza kama viungo vya usukani vimelegea. Kaza viungo kwanza, halafu nyoosha. Ukianza na kunyoosha, umenyoosha uongo.

Breki za gari lile zilikuwa za waya. Unakanyaga, waya nne zinavuta, na kila waya ina maoni yake, kwa hiyo gari linakupeleka upande linaotaka. Masalu alizing'oa zote. Tukachukua breki za mafuta kutoka pikapu iliyopinduka Magu, zenye ngoma kubwa zaidi. Ngoma tukazipeleka kwa fundi wa kinu azikereze zikae duara kamili. Sahani zinazofunika ngoma kwa nyuma tukazitoboa matundu ya kupitisha hewa, tukayafunika wavu. Tukatoa upepo kwenye mabomba, tukianza na gurudumu lililo mbali, mmoja anakanyaga, mwingine analegeza na kukaza, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Ilibaki lainingi tu.

Lainingi tuliagiza Nairobi mapema. Meli ikaja, sanduku likashushwa, Masalu akalifungua kwa mikono yake. Zilikuwa lainingi za lori. Nene, pana, hazikuingia hata kwa kubembelezwa. Nyingine zingekuja na meli ijayo, baada ya mashindano.

"Funga ngozi," Nasoro akasema.

"Ngozi haifai kwa mbio," Masalu akasema.

"Baba anafunga ngozi miaka yote!"

"Kwenye malori ya pamba. Hili si lori la pamba."

"Kaka Masalu, ni kona moja tu ile. Moja! Kwani unakwenda Nairobi?"

Masalu akafunga ngozi, akatoka na gari peke yake kwenda kwenye mteremko wa Butimba. Alirudi baada ya muda, harufu ya ukwato uliochomwa ikitangulia. Akakaa kwenye ndoo, akawaza. Alitaka kukataa, niliona. Na aliitaka ile kona, hilo pia niliona. Mwisho akamwita Nasoro, akamwita na Mzee Sefu asikie.

"Nitaliendesha," akasema. "Ngozi itavumilia kwenda na kurudi mara chache, na mimi nitajua inapochoka. Lakini nikimaliza mashindano, gari linapumzika mpaka mkono uweze kukaa juu ya ngoma. Hakuna mzunguko mwingine, hakuna kumpakia mtu. Mmekubali?"

"Wallahi nimekubali," Nasoro akasema.

"Nimesikia," akasema Mzee Sefu.

Siku yenyewe ilikuja na bendera mpya, wacheza ngoma, wanafunzi waliopangwa mistari na jua kali. Kamba haikuwepo kweli. Masalu alivaa shati jeupe na kofia yake, akaifunga kwa kamba ya kiatu chini ya kidevu. Alishindana na gari kubwa la mnunuzi mmoja wa pamba, lenye injini karibu mara mbili ya yetu. Kwenye mstari ulionyooka lile gari lilituacha. Kwenye kona ya mawe, mnunuzi alilazimika kupunguza mwendo mapema, gari lake likiinama kama linataka kumwaga maji. Masalu alifika na kasi yake, akakanyaga mara moja, akageuka chini kwa chini, magurudumu yote manne ardhini, akatoka upande wa pili akiwa mbele. Mara ya kwanza watu walinyamaza kwa mshangao. Mara ya pili walipiga kelele hadi ndege wa ziwani wakaruka. Jamani, sijaona kitu kizuri namna ile tangu hapo, na nimezunguka.

Alishinda. Lakini kona ya mwisho niliona moshi wa bluu kwenye magurudumu ya mbele, na alipita mstari wa mwisho akaenda mbali sana kabla ya kusimama, akilizuia gari kwa gia na breki ya mkono. Alirudi taratibu. Watu walimzingira wakimpiga mgongo. Nikainama mlangoni.

"Zimekwenda, Mwalimu," akaniambia kwa sauti ndogo, huku akicheka na watu. "Nakanyaga jiwe."

Hapo hapo Nasoro akapasua umati akiwa amemshika mkono mgeni rasmi, mtu mnene mwenye suti nzuri.

"Mheshimiwa anataka kuzungushwa! Kaka Masalu, mwonyeshe ile kona!"

Masalu akashuka, akasalimia kwa heshima. "Mheshimiwa, gari limechoka kidogo. Lipumzike, nitakuzungusha kwa furaha."

"Kijana, Uhuru haupumziki!" akasema mgeni, na umati ukaangua kicheko na makofi. Akaingia akakaa. Gari likainama upande wake.

Masalu akamvuta Nasoro pembeni. Nilikuwa nao. "Tulikubaliana nini?"

"Si leo, kaka. Usinitie aibu mbele ya serikali."

"Breki hazipo."

"Mbona umesimama? Gari lisilo na breki linasimama?" Nasoro akatia mkono kwenye mlango wa dereva. "Kama umeshindwa, pisha. Nitamzungusha mwenyewe."

Mtu anayefumba macho kwenye kona! Masalu alimtazama, akamtazama mgeni aliyekuwa akipungia watu, akayatazama yale mawe. Akamwondoa Nasoro mlangoni kwa bega, akaingia.

Na akaendesha polepole. Hamjawahi kuona polepole ile. Alikwenda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Mwanzoni umati ulidhani ni heshima, ukapiga makofi. Halafu miluzi ikaanza.

"Mpe baiskeli!"

"Bwana harusi huyo, mwacheni!"

"Masalu, petroli imeisha au moyo?"

Wanafunzi wakaacha mistari yao, wakalipita gari kwa miguu, wakaigeuka ile kona mbele yake wakicheka. Wapiga ngoma wakabadilisha mapigo yakawa ya kunyata. Alizunguka uwanja mzima hivyo, kofia imenyooka kichwani, macho mbele. Aliporudi, mgeni rasmi akashuka, akanyoosha suti, akawaambia watu: "Dereva wenu ameniogopa! Amedhani mimi ni yai!" Watu nusura waanguke kwa kucheka.

Nasoro alikuwa amekuwa mwekundu. Akaruka ndani, akaondoka kwa kasi kwenye mstari ulionyooka, akarudi, akakanyaga breki mbele ya umati. Gari likasimama palepale na vumbi lake.

"Breki hizi hapa!" akapiga kelele. "Mmeziona?"

Zilikuwa zimepoa. Ule mzunguko wa polepole uliomwokoa mgeni ndio ulioziponya, na ukamla Masalu. Nililia kwa hasira, siwafichi. Nilichukua jeki, nikafungua ngoma ya mbele pale pale uwanjani, nikawaonyesha ngozi iliyong'aa kama kioo. "Tazameni! Imeungua!"

"Ngozi ni nyeusi," akasema mtu mmoja. "Ulitaka iwe nyeupe?"

Wakacheka tena. Mzee Sefu akaja kwa hatua zake nzito.

"Masalu, umeniaibisha."

"Mzee, ulisikia sharti langu."

"Nililisikia," akasema. "Lakini mgeni ni mgeni."

Masalu akaweka ufunguo wa gereji juu ya boneti, akaondoka kwa miguu akikata uwanja katikati. Hakuna aliyemfuata isipokuwa watoto, wakimwigiza anavyoendesha.

Meli iliyofuata ilileta lainingi sahihi. Nasoro akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Fundi, kazibadilishe. Na ile ngozi katupe ziwani."

"Kwa nini? Si ziko sawa? Uliwaonyesha watu."

"Usinichokoze. Badilisha."

Kwa hiyo alijua. Alijua, na mji mzima ulikuwa tayari unamwita Masalu mwoga sokoni, na yeye alikuwa na mdomo na hakuutumia. Nilizifunga zile lainingi, nikazifunga vizuri, maana breki hazifungwi kwa ajili ya mwenye gari tu, zinafungwa kwa ajili ya mama anayevuka barabara na mtungi. Halafu nikaacha kazi. Nilibaki mjini kiasi cha kugombana na watu kwenye migahawa. Nilipowaeleza habari ya ngozi inavyopoa, walinitazama kwa huruma. Kisa cha mtu mwoga kinachekesha. Kisa cha ngozi kinahitaji mtu akae asikilize. Ndiyo maana ninyi mmekirithi kile cha kwanza.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa njiani kwenda Geita, nikapanda lori la mizigo na watu. Sikumtambua dereva mpaka nilipoona kofia. Nilihamia mbele kwa nguvu. Tulipiga kelele za furaha mpaka abiria wakadhani tumepata ajali.

"Bado una majivuno?" nikamuuliza.

"Yameongezeka. Lori hili lina lainingi za Nairobi, Mwalimu. Nilizifunga mwenyewe."

Nikamsimulia ya Nasoro na ofisi iliyofungwa. Nilitegemea akasirike. Akabadilisha gia.

"Unajua yule mgeni aliniambia nini?" akasema. "Tulipoondoka nilimweleza. Nikamwambia, Mheshimiwa, hatuna breki, kwa hiyo tutakwenda hivi. Akashika mlango kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Kwenye kona akaniambia, 'Asante, mwanangu. Nina watoto sita.'"

"Halafu akashuka akasema habari za yai?"

"Halafu akashuka akasema habari za yai."

Nilipiga dashibodi kwa mkono wangu mzima. Nikamwambia tungeenda kumtafuta, tungesimama barazani kwake, tungemlazimisha aseme mbele ya watu. Nikamwambia jina la Masalu linaliwa bure. Masalu akasema, "Hasira yako inanitosha, Mwalimu," akaendelea kuendesha.

Tulikaribia kivuko cha kwenda Busisi alasiri. Kabla ya mteremko wa kwenda kwenye kivuko, akasimamisha lori.

"Shukeni wote," akawaambia abiria. "Mteremko huu unachosha breki yoyote. Mtatembea mpaka majini. Mizigo nitaishusha mimi."

Wakanung'unika. Malori mengine yalitupita yakiwa na watu wamejaa juu, wakituzomea. Nilishuka nikatembea na wenzangu, vumbi likitupanda magotini, Masalu akija nyuma yetu na lori lisilo na watu, kidogo kidogo. Kando yangu alikuwa bibi mmoja mwenye kifurushi kichwani, amekasirika kweli kweli.

"Dereva gani huyu?" akaniambia. "Nimepanda gari ili nisitembee. Mwoga tu!"

Niligeuka, maneno yote niliyowaandikia hapa yakiwa tayari mdomoni. Lakini tulikuwa tumeshafika ukingoni. Masalu akashuka, akapanda nyuma, akamteremshia gunia lake la mahindi, akaliweka taratibu karibu na miguu yake.

"Mayu, umefika salama?" akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimefika," akasema bibi, bado amenuna, akainama kukagua kama gunia limepasuka.